Mstari Uliokuwa na Paa

Juzi kijana wangu kanisogezea simu hadi puani. Orodha ya tahasusi, yaani michanganyiko ya masomo ya kidato cha tano. Mtihani wa kidato cha nne kaumaliza, matokeo hayajatoka, na nyumba imeshageuka baraza la wazee: kila anayeingia kunywa kahawa anatoka kashamchagulia kazi. Shangazi yake anataka achukue fizikia na hisabati kwa sababu ya bomba la mafuta. Hoima ya Uganda hadi Chongoleani, kilomita 1,443, na mwisho wake ni hapa hapa kwetu. Atakosaje kazi mtoto wa Tanga? Jirani anasema Kichina. Na Kichina kweli kimo. Hadi juzijuzi tahasusi zilikuwa 16, mwaka 2024 zikaongezwa 49, jumla 65, na mtoto anazipandisha na kuzishusha kwa kidole huku anakuna kichwa.

"Mama, wewe ulijuaje usome nini?"

Nikamwambia angoje nikaangalie wali. Wali ulikuwa umeshaiva zamani.

Januari ya 1998, basi. Mvua za El Niño zilikuwa zimeanza tangu mwaka uliotangulia na hazikuwa na habari ya kukoma. Barabara zimekatika, nyanya hazishikiki, nguo hazikauki. Tena ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Tulikuwa tumeingia kidato cha tatu, na kidato cha tatu ndipo watu wanapogawanywa. Hisabati, lugha, biolojia, jiografia, hayo yalikuwa ya wote. Ugomvi ulikuwa fizikia na kemia: unaendelea nazo au unaziacha? Na ukiziacha, unakwenda biashara ukakutane na komesi na bukukipingi, au unabaki sanaa? Mwalimu wa taaluma akatuambia tukazungumze na wazazi.

Kuzungumza ni neno tu. Wazazi walikuwa na majibu tangu sijazaliwa.

Mama alitaka sayansi. Kwa Mama, sayansi maana yake hospitali ya Bombo, na Bombo maana yake binti yake kavaa nguo nyeupe anapita wodini na watu wote kwenye foleni wanamwamkia. Baba alitaka biashara. Baba alikuwa karani wa kuhesabu mizigo bandarini, na enzi zile meli kubwa hazikufika gatini. Zilitia nanga huko nje, mizigo ikaletwa kwa matishari. Aliamini kwamba vyovyote itakavyokuwa, meli ije karibu au ibaki mbali, mwenye kalamu lazima awepo. Hawakugombana, wala hawakuwahi kulijadili mbele yangu wakiwa pamoja. Kila mmoja alinivizia kwa wakati wake: Mama jikoni nikikuna nazi, Baba usiku akitoka tarawehe.

Mimi mwenyewe? Historia niliipenda kwa sababu ya mwalimu. Kemia niliipenda siku za majaribio tu, siku za kuandika milinganyo nikawa naangalia dirishani. Fizikia nilikuwa na D, nayo niliona inatosha. Wenzangu walikuwa na vitu vyao, mmoja rubani, mmoja hakimu, mmoja mtangazaji wa redio ambaye hata kuazima kalamu aliazima kwa sauti ya taarifa ya habari. Mimi nikiulizwa nilisema "daktari", kwa kuwa ndilo jibu linalomaliza mazungumzo haraka kuliko yote. Hata leo bado linafanya kazi, nimewaona watoto wanalitumia.

Nikaenda kwa Mjomba.

Mjomba wangu alikuwa fundi baiskeli, barabara ya 12, Ngamiani. Kabla ya baiskeli alikuwa mtu wa kiwanda cha mbolea, kiwanda kikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, yeye akabaki na ovaroli la buluu, na ndilo alilovaa akiziba tyubu. Nilimkuta kainamia karai la maji, anaizungusha tyubu polepole akitafuta mapovu.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba. Mbona uso umekunjamana? Saumu imekushika?"

Nikamweleza: Mama hivi, Baba vile, na mwisho wa wiki majina yanaandikwa. Akaitoa tyubu, akaipangusa kwenye paja, akaanza kuikwaruza kwa msasa pale penye tundu. Muda mrefu hakusema kitu. Kisha akavuta kopo lake la spoku, akalimwaga lote juu ya gunia, na kati ya nati na vipande vya mnyororo akaokota kijiwe. Cheupe kinachoelekea kijivu, kinaenea kiganjani. Akanipa.

"Tazama hapo pembeni."

Kulikuwa na kitu chembamba kimekwama ndani ya jiwe, kimepinda kidogo. Nikakigusa. Mwiba wa samaki.

"Minjingu hiyo," akasema. "Kule upande wa Manyara. Zamani hizo lilikuwa ziwa. Ndege wanakula samaki, wanakunya hapo hapo, wanafia hapo hapo, miaka na miaka. Ikawa fosfeti. Sisi tunaletewa, tunaisaga, tunaimwagia asidi ya salfa, mbolea hiyo. Watu wa Iringa wamekula mahindi yaliyooteshwa na kinyesi cha ndege wa kale." Akacheka peke yake.

"Kwa hiyo nisome kemia?"

"Nimesema hivyo?" Akachukua solusheni, akafungua kifuniko kwa meno, akakumbuka saumu, akakitoa mdomoni na kutema mate pembeni. "Kemia tuliijua sisi. Ila salfa inatoka nje, amonia inatoka nje, vyote kwa meli, na meli inataka dola. Dola hakuna. Asidi yangu haikuwa na tatizo lolote."

"Basi nisome biashara."

"Wahasibu walikuwepo tele pale, wamesoma kabisa. Nao wako nyumbani." Akapaka solusheni, akaipuliza ikauke. "Mmoja anauza vitumbua. Vizuri lakini."

Akabandika kiraka, akakigonga kwa nyundo ndogo, akainua uso na kuniona bado nimesimama.

"Nenda kamsaidie mama yako futari."

Jiwe hakulidai. Nikaondoka nalo.

Siku yenyewe ilifika na mawingu yamelala juu ya mabati. Mwalimu wa taaluma alikuwa mtu wa mpangilio. Kila kitu kwake kilikuwa na mstari na kila mstari una mwalimu wake na daftari lake. Sayansi mbele ya maabara. Biashara chini ya mwembe. Sanaa kwenye baraza la madarasa ya kidato cha kwanza. "Kila mtu aende anakotaka," akatangaza. "Utakaposimama ndipo jina lako litakapoandikwa. Sitaki mtu anijie kesho na barua ya baba yake."

Alipofunga yeye mdomo, mbingu zikafungua wa kwao.

Mbele ya maabara hapakuwa na paa. Palikuwa na mfereji wa bati uliotoboka, unamwaga maji pale pale mstari ulipotakiwa kuanzia. Mwembe nao unaujua mwenyewe: dakika za mwanzo unakukinga, baadaye unakunyeshea kwa muda wake wa ziada. Baraza ndilo lililokuwa na paa, pana, na sakafu kavu ya saruji.

Basi nikaona watu wanavyochagua maisha yao. Yule rubani, aliyetutangazia fizikia tangu kidato cha kwanza, alianza kurudi kinyumenyume, polepole, akijifanya anatafuta mtu. Wengine hawakujifanya kitu, walikimbia na madaftari kichwani. Hakimu na mtangazaji walikuwa wamekwishafika zamani. Haikupita muda baraza likajaa mpaka watu wakasimama ukingoni wameshikana mikono wasidondoke, na mwalimu wa historia, ambaye miaka yote alipewa waliokataliwa na wengine, akawa anaandika majina kwa furaha ambayo sikuiona tena usoni mwake.

Mimi nilikuwa katikati ya uwanja.

Sijui niieleze vipi. Mtu angeniona angedhani nafikiri sana. Sikuwa nafikiri. Daku nilikuwa nimelikosa kwa usingizi, tumbo limeshakata tamaa ya kuuliza, ushungi umelowa umenigandia masikioni hadi kelele za wenzangu nazisikia kwa mbali. Maji ya mchanga yanapita juu ya viatu, yanaingia, yanatoka. Mkono mmoja uko mfukoni umeshika jiwe la Mjomba, kidole gumba kinatafuta ule mwiba, kinaupata, kinaupoteza, kinautafuta tena. Nikawaza kama jiwe lile likilowa litatoa harufu. Mjomba alikuwa akisema mbolea ikinyeshewa inanuka mtaa mzima. Nikataka kulitoa nilinuse. Nikaona aibu, shule nzima inatazama.

Mama hakunijia akilini, wala Baba. Ningesema walinijia, ingependeza zaidi.

Mbele ya maabara alikuwa amebaki mwalimu wa kemia, mtu mzima, mfupi, na wanafunzi wachache waliobanana ukutani. Alikuwa na mwavuli mweusi uliovunjika njiti moja, na mwavuli huo hakujifunika yeye. Alilifunika daftari. Maji yalimtiririka kwenye miwani, akawa anaangalia watu kwa juu ya fremu. Akaniona.

"We binti, unangoja basi?"

Baraza zima likacheka.

"Hapana, mwalimu."

"Jina lako nalijua," akasema, akainama akaandika.

Hakuniuliza kitu kingine. Nami nikasogea kwake. Hadi leo siwezi kusema kama nilisogea kwa sababu ameandika, au aliandika kwa sababu aliona mguu wangu umeshaanza kwenda. Nimejaribu kuikumbuka kwa njia zote mbili, na zote mbili zinakubali.

Yaliyobaki ni mafupi. Mama alifurahi, Baba akasema "Heri" na kuendelea na tende yake. Kesho yake umati ulikwenda ofisini na barua za baba zao, na mwalimu wa taaluma akazipokea zote, rubani akarudi kwenye fizikia yake. Mimi sikupeleka barua. Ningemwomba nani aiandike, na aandike nini? Fizikia ikanitesa, kemia tukazoeana. Matokeo ya kidato cha sita hayakunifikisha Bombo wala karibu na geti lake. Nikachukua cheti cha maabara, nikapima maji ya watu kwa muda, mkataba ukaisha. Binamu yangu akajifungua, nikamshikia nafasi yake kwenye ofisi ya wakala wa forodha mpaka atakaporudi. Mtoto yule sasa ana ndevu, na mimi bado nashikilia.

Kwa hiyo bandarini nimefika. Na si bandari ile ya Baba: kina kimechimbwa kutoka mita 3 hadi 13, meli zinafunga gatini, habari ya matishari inakuwa hadithi ya kumsimulia mjukuu. Mbolea inaingia humo humo, imeshatengenezwa huko ilikotoka. Ikija shehena ya amonium naitreti mimi ndiye ninayeitwa kupitia hati zake, kwa sababu najua ni kwa nini haiwekwi ghala moja na dizeli, na najua bila kufungua kitabu. Ukiisema haraka haraka inapendeza: Mama akapata sayansi yake, Baba bandari yake, Mjomba mbolea yake. Nilikaribia kumwambia hivyo kijana wangu, na angeniamini, na shangazi yake angeongeza bomba la mafuta juu yake.

Tatizo ni bosi wangu.

Bosi wangu tulikuwa darasa moja. Siku ile alikuwa barazani, na hakupeleka barua yeye pia. Sanaa hadi mwisho, akasomea lugha, akaanza pale ofisini kwa kupokea simu, leo sahihi ya mwisho ni yake. Hati za amonium naitreti anazisoma vizuri kuliko mimi. Alijifunza hapo hapo mezani, kwa kuniuliza, kisha akaacha kuniuliza. Wiki hii wakati wa chai nikamwambia habari za mtoto na orodha yake ya 65, nikamwuliza mwenzangu alichaguaje siku ile ya mvua. Akanitazama kuona kama namfanyia utani.

"Viatu," akasema.

"Viatu gani?"

"Vya dada. Niliviazima siku moja tu, na alikuwa kaviweka avivae Idi. Vingelowa vile angenitoa roho."

Akamalizia chai, akaniuliza hati za meli ya Jumatatu zimefikia wapi.