Mashine ya Vifaranga na Hewa Kavu ya Dodoma
Kisanduku cha kuangulia mayai nilichokitengeneza kwa plaiwudi na balbu mbili za zamani, zile zinazotoa joto, kilishika nyuzi joto 37.5 bila taabu, kwa kuwa kidhibiti joto kiliziwasha na kuzizima chenyewe. Kilichonisumbua ni unyevu. Hewa ya hapa Dodoma wakati wa kiangazi hukausha sahani ya maji upesi mno, na yai likipoteza maji kupita kiasi, utando wa ndani hukakamaa na kumnasa kifaranga akiwa tayari amedonoa ganda. Niliongeza sahani ya pili yenye kitambaa kilicholowa, na tangu siku ya 18, nilipoacha kugeuza mayai, nilitia maji kwa mpira mwembamba bila kufungua mlango hadi siku ya 21, ingawa mama mkwe alinisihi kila asubuhi nimruhusu achungulie.