Antena ya utambulisho ya kubandikwa kwenye ngozi: ninavyoikata na kuipima

Antena ya tagi ya utambulisho kwa redio (RFID, chipu ndogo inayoamshwa na mawimbi ya kisomaji), ikiwa imesanifiwa kwa ajili ya hewani, huzimika ikibandikwa mkononi, na hakuna unene wa shaba utakaoiokoa. Kwenye 868 MHz, mwili uliojaa maji ya chumvi hufanya mambo mawili kwa pamoja: hufupisha wimbi (dielektriki, yaani kipimo cha jinsi kitu kinavyolipunguzia wimbi mwendo, ni karibu 41 kwa ngozi na 55 kwa msuli), na hunywa nguvu (upitishaji wake wa umeme ni karibu 0.9 S/m). La kwanza hurekebishwa kwa mkasi. La pili halina dawa, unalipangia bajeti tu.

Bajeti yangu iko hivi. Ulaya kisomaji kinaruhusiwa wati 2 ERP (nguvu inayorushwa, ikilinganishwa na antena ya dipoli), yaani 35.2 dBm EIRP (nguvu hiyohiyo ikilinganishwa na antena ya kinadharia inayorusha sawa pande zote; dBm ni desibeli juu ya miliwati moja). Antena ya ngozini yenye upana wa sentimita 4 naihesabia −15 dBi (desibeli ikilinganishwa na antena hiyo ya kinadharia). Naondoa dB 3, kwa kuwa wimbi la kisomaji huzunguka ilhali la tagi limelala upande mmoja. Chipu inaamka kwa −18 dBm. Hata kama kila kitu kimepatana, umbali hauzidi mita 1.6 hivi. Anayekuahidi mita 5 aliipima tagi yake juu ya boksi.

Mkono wa mtu nauacha hadi mwisho, maana hautulii. Kwanza napika nyama bandia ya kupimia, inayoiga msuli: maji gramu 524, sukari 450, chumvi 14, agari (unga wa mwani unaogandisha) kama 20. Chemsha agari kwenye maji matupu kabla ya kutia sukari, kwa sababu haiyeyuki vizuri kwenye shira. Kisha pima uzito wa sufuria na urudishe maji yaliyotoka kwa mvuke, la sivyo sukari inazidi na dielektriki inashuka. Mimina kina cha sentimita 5 au zaidi, ufunike kwa plastiki.

Umbo ninalopenda ni pete ya mraba ya mm 40, ukanda wa mm 2, ikishirikiana upande mmoja na pete ndogo iliyobeba chipu. Pete ndogo ndiyo mpatanishi kati ya chipu na antena. Chipu ya 15 − j150 omu (ukinzani 15, na −150 ya tabia ya kapasita) inataka indaktansi, yaani tabia ya koili inayoifuta hiyo −150, ya nH 27.5, sawa na mraba wa mm 11 hadi 12 wenye ukanda wa mm 1. Kata mm 13, kisha ipunguze kwa kuziba ndani na vipande vya utepe wa shaba. Hapa wengi hukwama: gundi ya tepe nyingi haipitishi umeme, kwa hiyo kila kiungo kitiwe lehemu.

Kupima, shusha nguvu ya kisomaji dB 1 kwa hatua mpaka tagi inyamaze. Halafu ingiza karatasi moja ya kawaida (takriban mm 0.1) chini ya antena. Nafuu ndogo ni kawaida, kwa kuwa umeisogeza mbali na mnywaji. Ikiruka dB nyingi, antena imeshuka chini ya 868, basi punguza pete kubwa. Kinasa-mtandao cha maabara (network analyzer, kifaa kinachochora jinsi antena inavyoitikia kila masafa) nakitumia kwa tahadhari: ukigusa kebo na mchoro ukahama, kebo imegeuka sehemu ya antena na namba zako si za kweli.

Kwa mwilini, shaba ya mikroni 18 hustahimili kukunjwa kuliko ya 35. Juu ya ngozi hasara kubwa ni ya mwili, hivyo wino mzuri wa fedha hauachwi mbali na shaba. Chini weka filamu ya poliyurethani ya kufungia vidonda. Bila hiyo jasho huila shaba na kuunganisha miguu ya chipu. Filamu haivumilii lehemu, kwa hiyo malizia viungo vyote kabla ya kuibandika. Nyufa huanzia pale ukanda laini unapokutana na chipu ngumu. Tone la epoksi lipite kingo za chipu kwa mm 2, na pembe zote za filamu ziviringwe, maana pembe kali ndiyo hubanduka kwanza.