Mapacha wa jirani walivyoiandika namba gari yangu

Jumamosi ile nilitoka na ndoo na sabuni niioshe gari, nikazunguka upande wa kushoto nikakuta mlango wa nyuma umeandikwa. Sio ile ya kidole kwenye vumbi ambayo unafuta na maisha yanaendelea, hii imeandikwa kwa msumari, T kubwa halafu a e i o u. Mlango wa mbele nao una T nyingine, a, e, i, ikaishia hapo, nadhani waliitwa kula.

Mpelelezi wa nini sasa. Hapa Tabata tupo wapangaji watano ndani ya geti moja na watu wanaojifunza irabu ni wawili tu, Kulwa na Doto wa mlango wa pili, wameanza darasa la kwanza mwaka huu. Nikawaita. Nikauliza kwa sauti ya upole kabisa (ndani nachemka) nani kaandika hapa, Kulwa akanyoosha kidole juu kama yuko darasani, Doto akaona anaibiwa sifa akasema na mimi! Kwa nini mmeandika? "Tulikuwa tunaweka namba ili mwizi asiibe."

Hapo nikakosa neno, maana ni kweli. Wiki moja kabla yake nilimwita yule kijana anayepita na kimashine chake kuchora namba za gari kwenye vioo na taa, si mnajua Dar hii ukilaza gari vibaya asubuhi unakuta saiti mira imeshaenda kutafuta mteja, kwa hiyo nikatoa elfu kumi akachora namba kila mahali, na hawa wawili walikaa kwenye ndoo zao zilizogeuzwa wakamwangalia mwanzo mwisho. Wakaona kaisahau milango. Wakamalizia kazi.

Kama yangeishia hapo ningecheka na nyie na hii post isingekuwepo. Shida ilikuwa mama yao.

Mama Kulwa anakaanga vitumbua kibarazani kila asubuhi, tunaishi vizuri, nikikosa umeme namkopa, akikosa chumvi anagonga kwangu. Nikamwita aje aone. Akaja na mwiko mkononi, akacheka, "Jamani hawa watoto! Pole shoga, watoto ndo walivyo." Nikamwambia shoga hii inataka fundi. Uso ukabadilika palepale. Kwani ukipitisha polishi haitoki? Nikamwonyesha, ukipitisha ukucha juu ya mchubuko na ukucha ukateleza basi polishi inaweza kusaidia, lakini ukucha ukikwama ujue rangi imekatika, na hapa ukucha ulikuwa unakwama kila herufi, wale watoto wana mkono mzito ajabu. Akanyamaza kidogo halafu akasema, "Ndo mana nasemaga, utajua ukizaa wako."

Nina miaka 36. Sitaki kulielezea sana hilo, wanaoelewa wameelewa. Ila tokea pale gari ikawa sio gari tena. Nilikuwa naamka usiku naitengeneza ile sentensi ambayo ningemjibu, na nimepata nzuri kama tano hivi, zote zimechelewa.

Na ushauri ndo usiseme. Mpangaji wa chumba cha nyuma akaniambia nenda polisi ukafungue jalada, uharibifu wa mali huo. Watoto wa miaka sita! Mjomba wangu ambaye mambo ya sheria anayajua alicheka mpaka akakohoa, akaniambia Kanuni ya Adhabu kifungu cha 15 inasema mtoto chini ya miaka 10 hana kosa la jinai kwa chochote alichofanya, kwa hiyo polisi watakupa maji ya kunywa urudi nyumbani, na ukitaka kumdai mzazi hiyo ni kesi ya madai, unatakiwa uonyeshe kwamba yeye mwenyewe alizembea, sio tu kwamba amezaa. Sasa kwa milango miwili ya IST ya mtumba nianze kupanda ngazi za mahakama? Bima ndo kabisa, nina bima ndogo ile ya 118,000, ile inamlipa uliyemgonga wewe, gari yako ikichorwa irabu ni wewe na Mungu wako. Wenye bima kubwa hongereni.

Mwingine akasema nenda kwa mjumbe. Hili nililifikiria kweli, lakini ukimpeleka mtu kwa mjumbe habari inafika mtaa mzima kabla hujarudi, na kesho unaamkia kibaraza kilekile, maji bomba moja, kamba ya kuanikia moja. Nikaenda gereji kwanza nijue naongelea shilingi ngapi. Fundi rangi akasema 90,000 kila mlango, kukwangua, kupiga puti, msasa, kupuliza, jumla 180,000, na akanitahadharisha mapema kwamba silva ni rangi msumbufu, hata uichanganye vipi mlango mpya utaonekana kidogo kwa mtu mwenye macho.

Nikasubiri baba yao. Ni dereva wa lori, alikuwa njia ya Tunduma, siku tisa nzima mimi na mama Kulwa tunasalimiana kwa kichwa tu. Watoto wao hawajui kitu, wanakuja kunisalimia shikamoo anti, wanakaa kwenye kivuli cha gari kama kawaida. Na niseme ukweli, mimi ndo niliwazoesha. Walikuwa wanacheza kombolela wanajificha nyuma ya tairi na sijawahi kuwaambia sogeeni, nilikuwa naona raha.

Baba mtu alirudi usiku, nadhani hata hakula, akagonga kwangu na kandambili. Tukatoka nje akawasha tochi ya simu akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye ile T taratibu, akasema "hii imefika kwenye bati." Halafu akasema pole sana dada yangu, hii sio sawa. Basi. Siku tisa nilikuwa nangoja hilo tu na nilikuwa sijui kama ndilo ninalolingoja, nikasikia koo limekaza kama mjinga.

Alitaka kuwaamsha awachape, nikamwambia hapana, hao ni watu pekee humu ndani walioniambia ukweli siku ya kwanza. Tukaongea hela. Akarusha 60,000 kwenye simu palepale. Nikasema 60,000 nyingine naibeba mimi, kivuli nilikigawa mwenyewe. Ikabaki 60,000 na mshahara wake ulikuwa bado, ndo mama Kulwa ambaye muda wote kasimama mlangoni na khanga yake akasema kwa sauti ndogo, mi nitalipa kwa vitumbua.

Sikuelewa kwanza. Kitumbua 200. Ni vitumbua 300. Kila asubuhi vinne, kwenye kisahani, anavileta Kulwa au Doto kwa zamu, na daftari linaandikwa. Kwa hesabu hiyo ni siku 75, daktari wangu asisome hapa.

Gari imepakwa, milango miwili inang'aa kuliko gari yenyewe, mama Kulwa kaiangalia akasema mbona imependeza kuliko mwanzo, nikamwangalia tu. Kuhusu lile neno lake hajawahi kusema kitu. Ila asubuhi moja nilikuwa na mafua sijatoka, akaleta mwenyewe, vinne na chai ya tangawizi, akaweka chini akaondoka.

Leo tupo kitumbua cha 112 kwa daftari langu. Kwa daftari lake tupo 118. Anasema ile Jumapili alikuja mgeni wangu nikaongezewa sita, mimi nakumbuka vile sita nilitoa hela mkononi, 1,200, na Doto alikuwepo. Doto kaulizwa, anasema alikuwa anaangalia katuni.