Ubao wa chaki uliniokoa na mshauri

"Mzee, biashara haina siasa." Maneno hayo niliuziwa kwa elfu kumi na kitu, Juni 2024, na mshauri ambaye viatu vyake havijawahi kukanyaga unga. Mimi naoka mikate Nakuru, Kenya. Mswada wa Fedha ulitaka mkate wa kawaida, ambao VAT yake (kodi ya ongezeko la thamani) ilikuwa sufuri, utozwe asilimia 16. Siasa imeshaingia kwenye oveni, halafu naambiwa haipo!

Vijana wangu wa kazi walinibana: wateja wanauliza tuko upande gani. Nikarudi kwa mshauri yule yule (ndiyo, cheka). Akaniandikia tamko: "Tunathamini amani, umoja na mazungumzo." Chini yake picha ya njiwa. Nikaliweka Facebook usiku, nikalala nikijiona shujaa. Kulipokucha, mmoja ameuliza kama huyo njiwa naye anauzwa na VAT. Mwingine amesema tamko langu ni mkate wa juzi, unatafuna tu. Mama mmoja mwenye kibanda cha chai, mteja wangu wa miaka mingi, akanipigia: "Baba, sasa hapo umesema nini?" Nikafuta.

Nikachukua ubao wa menyu na chaki. Kushoto: "Leo 60." Kulia: "Mswada ukipita 69.60." Basi. Hakuna ngumi, hakuna jina la mwanasiasa. Chini kabisa nikaongeza kwa herufi ndogo: "Chenji ya senti 40 sina." Hapo ndipo watu walipoanza kupiga picha. Mzee mmoja anayeipenda serikali alikuja kunigombeza, akatoa simu, akazidisha, akazidisha tena, akanunua miwili akaenda zake. Hesabu haina chama. Ukitaka kusema jambo, sema la kwenye kaunta yako, mengine utaaibika.

Tarehe 18 kamati ya bunge ikaondoa kodi ya mkate. Nikashika kitambaa nifute ubao, kifua mbele. Kijana anayebeba magunia akaniuliza, "Mbona unafuta? Mkate umepona, sisi je?" Kisha akaongeza, taratibu: "Tukiandamana, utatukata mshahara?"

Nakiri swali hilo sikuwa nimelifikiria. Njiwa hakulifikiria pia. Nikawaambia: anayekwenda hakatwi, anayebaki haulizwi. Jumanne ya tarehe 25, siku ya maandamano makubwa ya kuupinga mswada, nilioka na watu wawili, na unga uliobaki umekandwa ulikwenda na maelfu kadhaa. Siku iliyofuata Rais Ruto akatangaza hatautia mswada sahihi. Wote walirudi kazini, mmoja akichechemea.

Ofisi moja iliyokuwa ikichukua mandazi ya mikutano ilikata oda wiki ile ile, bila maelezo. Septemba wakarudi. Waliomba tu mandazi yaletwe kwenye mifuko isiyo na jina la bekari.