Mara Mia na Ishirini kwa Sekunde

Kosa lile lilimfanya nahodha mmoja wa Faza alale Lamu siku asiyotaka.

Ilikuwa Februari 2012, kaskazi imeshika, na mimi nilikuwa fundi wa kompyuta kwenye duka moja la jumla Langoni. Programu ya mauzo niliiandika mwenyewe, na nilijivunia. Kwa miaka miwili dada wa kaunta alikuwa akibonyeza "hifadhi" na risiti inatoka kabla hajainua kidole. Ghafla risiti moja ikaanza kuchukua karibu nusu dakika. Ukiwa na wateja kumi mbele yako, na chombo chako lazima kipite mkondo wa Mkanda kabla maji hayajakauka, nusu dakika si kitu cha kuchekea.

"Maji yakupwa haya! Nipa karatasi yangu nende zangu," nahodha alimwambia dada. Sukari, unga na mafuta yake vilikuwa vimepangwa mlangoni tayari, lakini bila risiti mlinzi hatoi hata katoni. Alipoipata, maji yalikuwa yamekwisha kutoka.

Siku nne nilihangaika. Nilimlaumu dada kwamba anafungua madirisha mengi. Nikafuta faharasa mbili za hifadhidata, zile orodha za kuharakisha utafutaji, nikidhani ndizo zinazochelewesha uandishi. Kutafuta bei kukawa taabu, nikazirudisha kimyakimya. Nikabadilisha waya wa mtandao. Nikazima seva nikaiwasha, dawa yetu ya kila ugonjwa.

Dada mwenyewe ndiye aliyenifungua macho, na wala hakuwa akinisaidia, alikuwa akilalamika: "Nikiuliza bei inakuja papo hapo. Nikihifadhi tu, inalala." Kweli. Bei zilikuwa zikisomwa kutoka kwenye memori, diski haiguswi. Kuhifadhi ni jambo jingine: hifadhidata haisemi "tayari" mpaka ihakikishiwe kwamba maandishi yamefika mahali ambapo umeme ukikatika hayapotei.

Usiku ule baada ya isha, duka limefungwa, niliandika jaribio dogo: rekodi elfu moja, kila moja ikithibitishwa peke yake. Sekunde 8.6. Nikarudia, 8.6. Mara ya tatu, vilevile. Hapo nikashtuka, maana mashine iliyolemewa na kazi haitoi jibu moja mara tatu. Hiyo ni kama rekodi 116 kwa sekunde. Nikakumbuka kibandiko cha diski: mizunguko 7,200 kwa dakika. Nikaigawa kwa 60, nikapata 120. Kumbe kila rekodi ilikuwa ikingoja sahani ya diski izunguke mzunguko mzima!

Haikupaswa kungoja. Seva ile ilikuwa na kadi ya kuendesha diski yenye kache, yaani memori ya kushikilia maandishi kwa muda, na betri yake. Kadi hupokea maandishi, hujibu "nimepokea" mara moja, kisha huyapeleka diskini kwa nafasi yake. Umeme ukikatika, betri huyalinda. Betri ikifa, kadi huacha kujiamini: kila kitu kinaenda moja kwa moja diskini, na haijibu mpaka kifike.

Nikapanda ghorofani. Seva ilikuwa imefunikwa leso vizuri kabisa, ili vumbi na chumvi visiingie. Nilipoifunua, bati lilikuwa la moto kama kikaango, na taa ndogo ya rangi ya chungwa ilikuwa ikiwaka, sijui tangu lini. Ndani, betri imevimba kama hamri. Joto ndilo linalozimaliza betri hizi, na sisi tulikuwa tumeivika nguo kwenye kaskazi.

Aliyetuuzia seva aliniambia kwa simu kwamba kuna amri moja ya kuilazimisha kadi itumie kache hata bila betri. Ni kweli ipo, na kasi ingerudi pale pale. Lakini kwa jinsi umeme ulivyokuwa ukikatika, ningekuwa nacheza kamari na madeni ya watu. Nilikataa.

Nilichofanya kiliniuma zaidi. Nilifungua programu yangu nikaona kwamba kila mstari wa risiti ulikuwa ukizaa maandishi manane, kila moja likithibitishwa peke yake. Risiti ya bidhaa 70 ilikuwa ikigonga diski mara 560, na kaunta zilikuwa tano, zote zikingoja diski ile ile. Miaka miwili betri ilikuwa ikinifichia aibu hiyo. Nikayafunga yote katika muamala mmoja kwa kila risiti, yathibitishwe kwa pamoja mara moja tu, na kesho yake, betri ikiwa bado maiti, foleni ilikwenda.

Betri mpya ilikuja kwa basi kutoka Mombasa hadi Mokowe, ikavuka kwa boti. Ilichukua saa kadhaa kujaa kabla kadi haijakubali kuitumia tena. Leso nilimrudishia dada. Aliipokea bila neno.

Nahodha aliporudi wiki iliyofuata, alidai risiti kwanza, mizigo baadaye.