"Hana neno"

Nilimsikia mama yule kabla sijamwona. "Mshike mbwa wako! Mshike!" Nami badala ya kukimbia, nikajibu kutoka mbali, tena kwa kujiamini: "Usiogope dada, hana neno!"

Bobi alikuwa ameshafika kwenye bembea. Hakuuma mtu. Hata kubweka hakubweka. Alimrukia mtoto wa miaka minne hivi, akamwekea miguu ya mbele kifuani, akamlamba uso mzima. Mtoto akaanguka chali, akalia mpaka sauti ikakatika. Nilipofika nikihema, mama alikuwa ameshamnyanyua, anamfuta mate kwa upindo wa nguo yake. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Sasa mimi ningejuaje kwamba hana neno?"

Nikabaki nimetoa macho. Nyuma yake kwenye uzio kulikuwa na kibao cha halmashauri, kimepauka kwa jua, ambacho nimekipita siku nenda rudi: mbwa haruhusiwi eneo la watoto, na kwingineko afungwe kamba isiyozidi mita mbili. Kamba nilikuwa nayo. Ilikuwa imening'inia shingoni mwangu, kama kipimo cha daktari.

Hakuna aliyeniandikia faini. Ingekuwa afadhali, ningelipa, yakaisha.

Lazima nikiri kwamba nilikuwa mmoja wa wale wanaozinung'unikia sheria ndogo hizi. Waadhibiwe mbwa wakorofi, nilikuwa nasema, wapole waachwe wapunge upepo. Lakini upole wa mbwa anaujua mwenye mbwa. Anayekimbiliwa anachokiona ni meno na mkia, na mkia wenyewe hauaminiki: mbwa anaweza kuutikisa ukiwa umesimama wima na kukakamaa, na asiwe anafurahi hata chembe. Kuna aliyeng'atwa utotoni. Kuna anayekwenda kuswali na hataki mate ya mbwa kwenye nguo. Na pale ambapo kichaa cha mbwa bado kipo, mama wa mtoto ana kila sababu ya kutetemeka. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya watu wanaoupata ugonjwa huo wameambukizwa na mbwa, na dalili zikishajitokeza karibu hakuna anayepona. Si lazima hata kung'atwa. Mate yakiingia kwenye mchubuko yanatosha. Ndiyo maana huambiwa uoshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha ukimbilie hospitali ukapate chanjo. Bobi amechanjwa, ndiyo. Ila cheti chake kiko kabatini kwangu, hakijabandikwa kwenye paji la uso wake.

Wiki ile nikaamua kumpima. Sheria nyingi za mbwa zina maneno "awe chini ya udhibiti", na kila mwenye mbwa atakuapia kwamba wake yuko chini ya udhibiti. Nilimwita Bobi ndani ya nyumba mara kumi, akaja mara kumi. Kwenye uwanja mtupu, alikuja mara nane. Kisha nikamwita siku kadhaa, kila alipomwona paka, mpaka nikafikisha mara kumi: alikuja mara mbili, na katika hizo mbili, moja paka alikuwa ameshapanda mti. Huo ndio udhibiti wangu niliokuwa nikijivunia.

Tangu hapo naipenda sheria inayopimika. Mita mbili ni mita mbili, hakuna mjadala. Siku hizi kuna zile kamba zinazojikunja ndani ya kishikio, unabonyeza kitufe na mbwa anakwenda mita tano, nane, huku wewe unachezea simu. Mbwa wa namna hiyo amefungwa kwa jina tu. Na ule uzi ukikupita kwenye vidole kwa kasi, utaujua. Yangu niliigawa.

Lakini na halmashauri nazo nina neno nazo. Kuna zinazotundika "MBWA MARUFUKU" kila kona zikadhani kazi imekwisha. Mbwa asipokimbia nje atakimbilia ndani, aulize mtu viti vyangu. Nilisoma kuhusu England na Wales, ambako sheria ya mwaka 2014 inaziruhusu halmashauri kutoa amri za maeneo maalumu, na kila amri hudumu si zaidi ya miaka mitatu bila kuangaliwa upya. Kati ya amri hizo kuna ile ya mfunge-ukiambiwa: mbwa anaweza kuachiwa akimbie, ila ofisa akikutaka umfunge, unamfunga hapo hapo. Hiyo naiona ina akili, mradi pale penye bembea pabaki marufuku moja kwa moja.

Kinyesi sitakizungumza sana, kila mtu anajua wajibu wake hata kama anajifanya anatazama ndege. Niseme moja tu: mayai ya minyoo ya Toxocara yaliyomo kwenye kinyesi kibichi hayaambukizi siku hiyo. Huhitaji wiki mbili hivi au zaidi kukomaa, kisha hukaa udongoni miezi, hata miaka, na watoto ndio wanaochezea udongo. Ukizoa leo, umeyawahi. Na wewe unayezoa vizuri, ukafunga mfuko fundo zuri, halafu ukautundika kwenye tawi: hivi unamwachia nani?

Miezi michache baadaye tulikuwa kwenye njia ileile, Bobi kwenye kamba fupi, mstaarabu. Likaja jibwa kubwa la kijivu linakata mbuga, na nyuma kabisa mwanamume anapunga mkono: "Hana neno, bi mkubwa!" Pengine kweli hakuwa na neno. Bobi ndiye aliyekuwa nalo. Mbwa akiwa huru na akaogopa, hukimbia. Akiwa kwenye kamba hana pa kwenda, kwa hiyo yeye ndiye aliyeanza kumng'ata mwenzake. Yule akamjibu. Niliachia kamba maana nilihofia mkono wangu, na walipoachana sikio la Bobi lilikuwa limechanika kama pindo la pazia. Mwanamume alinilaumu kwamba mbwa wangu ndiye mkali. Nikamwonyesha kibao. Alikisoma chote, taratibu, midomo ikimcheza.

Nikaandika barua halmashauri kuomba vitu viwili: ndoo ya taka karibu na lango, na sehemu yenye uzio ambamo mbwa wanaweza kuachiwa. Ndoo imeletwa. Uzio tunaungoja, mimi na Bobi na kamba yetu ya mita moja na nusu.