Daftari la ada: nilivyomtafutia mama pasipoti na viza

Mama yangu safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya Horohoro, kumzika shangazi yake, na hata hapo aliishia upande wetu wa mpaka. Kwa hiyo Machi 2024 mdogo wangu alipopiga simu kutoka Bremen, Ujerumani, kwamba ni mjamzito, atajifungua Septemba na anamtaka mama awe naye, kila mtu nyumbani alifurahi kisha akaniangalia mimi. Mama yuko Korogwe, mimi niko Dar es Salaam, na ndani ya ukoo wetu mwenye "kujua mambo ya mtandao" ni mimi. Nikanunua daftari dogo, nikachora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto nitaandika ada za serikali, kulia kila kitu kingine.

Upande wa kushoto ulikuwa rahisi kuliko nilivyotarajia. Pasipoti ya kawaida ya kielektroniki ni Sh150,000. Mjomba alibisha sana, akasema ni elfu hamsini, yeye mwenyewe alilipa. Ni kweli alilipa, ila ile ilikuwa pasipoti ya zamani, kabla hizi za kielektroniki hazijazinduliwa Januari 2018. Hiyo laki na nusu hulipwi kwa mkupuo: unatoa 20,000 unapojaza fomu mtandaoni, halafu 130,000 ombi likishapokelewa. Mimi hilo sikulijua, nikawa nimekopa laki na nusu nzima kazini ili niwe nayo siku ya kwanza. Fedha iliyokaa mfukoni bila kazi mnajua inavyoyeyuka.

Siku ya fomu nilikuwa Korogwe, bando limeisha, nikaingia steshenari moja karibu na stendi. Kijana akanipokea vizuri, akauliza nataka nini, akasema, "Braza, leta themanini tu, fomu yote nakumalizia." Nikamuuliza elfu themanini ya nini, wakati fomu ni elfu ishirini. Akajibu bila hata kupepesa macho kwamba ada imepanda wiki ile, na akanipa namba ya simu nimtumie. Namba ilikuwa yake mwenyewe. Nikashukuru, nikatoka, nikanunua bando na kujaza mwenyewe nimekaa chini ya mwembe.

Nieleze kidogo hapo, maana ndipo wengi wanapoliwa. Ukimaliza kujaza, mfumo unakupa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile tunayoiita kontroo namba. Ina tarakimu 12, zinaanza na 99. Unaingia kwenye malipo ya serikali kwenye simu yako, au unakwenda benki au kwa wakala, unaiingiza, fedha inakwenda serikalini. Hakuna mkono wa mtu katikati. Anayekwambia umtumie yeye ili "akulipie" huyo ni kishoka, hata kama amevaa tai na ana mashine ya kopi.

Sasa upande wa kulia wa daftari.

Mama alizaliwa 1956, nyumbani, kwa mkunga. Cheti chake cha kuzaliwa alikipata ukubwani. Kitambulisho cha NIDA anacho. Pasipoti inataka pia uthibitisho wa kuzaliwa kwa mzazi wa mwombaji, kwa hiyo tulimwapia marehemu babu kiapo. Tukapanda basi kwenda ofisi ya Uhamiaji Tanga, mama kavaa kanga mpya na viatu vinavyombana, bahasha kaikumbatia kama mtoto mchanga. Ofisa alikuwa dada mdogo tu, mpole. Akamwamkia mama, akapanga karatasi mezani, akazisoma kimya. Kisha akaweka kidole kwenye cheti cha kuzaliwa, kidole kingine kwenye kiapo.

"Mama, baba yako anaitwa nani?"

"Athumani."

"Hapa pameandikwa Othman."

"Ndiye huyo huyo mwanangu. Msikitini Othman, shambani Athumani."

Nilicheka, yule dada naye akacheka, lakini karatasi akazirudisha. Sikumlaumu. Kompyuta haijui habari ya msikitini na shambani, kwake hao ni wazee wawili. Kosa lilikuwa langu, maana kiapo nilikisoma mimi kabla hakijagongwa muhuri na sikukilinganisha na cheti, herufi kwa herufi. Ikabidi tutafute wakili, kiapo kingine cha kueleza kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja. Sh30,000, upande wa kulia. Nauli ya kurudi Korogwe, upande wa kulia. Masika yalikuwa yamepamba moto, mama akapata mafua, mimi kazini wakaninyima ruhusa, na kile kilichokuwa kimalizike Aprili kikasogea hadi Juni.

Tuliporudi mara ya pili karatasi zilipita. Kikaja kituko cha vidole. Mama amelima tangu akiwa binti. Vidole vyake ni laini kama kokoto za mto, ile mistari imekwisha. Mashine ikakataa kidole gumba, ikakataa cha shahada, ikalia. Ofisa akafuta kioo, akampa kitambaa chenye maji, akamwambia, "Bonyeza taratibu mama, kama unapima embe limeiva." Mara ya saba au ya nane taa ikawaka kijani. Mama akaniangalia kwa fahari kama amefaulu mtihani wa darasa la saba. Ushauri wangu kwa mwenye mzazi mkulima: siku mbili tatu kabla, ampake mafuta mikononi na apumzike jembe.

Pasipoti ilitoka mwishoni mwa Juni. Nilifunga ukurasa nikajumlisha. Kushoto 150,000. Kulia 187,000: viapo, picha, kuchapa na kutoa kopi, na zaidi ya yote nauli zangu za Dar na zetu za Tanga, pamoja na chai na maandazi. Nauli ndiyo iliyonimaliza. Kama ningesoma yale majina vizuri mara ya kwanza, nusu ya upande ule isingekuwepo.

Na Othman hakuishia hapo. Nilikuwa nimepanga maombi ya viza yaende Mei. Viza ya muda mfupi ya Schengen, lile kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, Ujerumani ikiwemo, wakati huo ilikuwa euro 80. Tarehe 11 Juni 2024 ikapanda kuwa euro 90, kwa nchi zote za Schengen. Tulipofika sisi, Julai, tofauti hiyo ilikuwa karibu elfu thelathini kwa bei ya euro ya wakati ule. Ni kama tulimlipa wakili wa pili, ila huyu hakutupa hata karatasi.

Ada hiyo hairudishwi ukinyimwa viza, kwa hiyo nilikesha kwenye orodha ya viambatisho. Mdogo wangu alikwenda ofisi ya wageni ya mji wao kuchukua barua ya dhamana, wenyewe wanaiita Verpflichtungserklärung, jina refu kuliko foleni yake. Alilipa euro 29, akaonyesha hati za mshahara, na kwa barua hiyo anabeba gharama zote za mama akiwa kule. Bima ya safari lazima iwe na kinga isiyopungua euro 30,000. Picha ni milimita 35 kwa 45, uso uwe mkubwa, na zile nne tulizopiga Korogwe zikawa za kuwagawia wajukuu. Nilipeleka pia hati ya shamba na barua ya serikali ya kijiji, maana swali kubwa la watu wa viza si utafikaje, ni utarudi kwa sababu gani. Mama ana mbuzi sita na shamba la mahindi. Nikaviandika vyote.

Nilipokuwa namsomea mama ada, nikafika kwenye watoto: wa miaka 6 hadi 11 nusu bei, euro 45, walio chini ya miaka 6 bure.

"Kwa hiyo mtoto anayekula biskuti na kukojoa kwenye ndege ni bure," akasema, "na mimi niliye na miaka 68, nakwenda kufanya kazi ya kuogesha mtoto, nalipa kamili?"

Sikuwa na jibu. Nikalipa.

Asubuhi ya miadi tulifika Umoja House, jengo la ubalozi wa Ujerumani Dar es Salaam, saa moja kabla, maana mama haamini saa za mjini. Vidole vilisumbua tena, lakini safari hii alikuwa mzoefu, yeye ndiye aliyeomba kitambaa chenye maji. Walimuuliza anakwenda kwa nani na atakaa muda gani. Kisheria ni siku zisizozidi 90 ndani ya siku 180, na sisi tuliomba 85, tukabakiza kidogo ili ndege ikichelewa asiingie matatani. Ombi la namna hii kwa kawaida hujibiwa ndani ya siku 15. Lake lilijibiwa siku ya 11. Nilifungua pasipoti nikaona ule ukurasa wenye picha yake, kanuna kama aliyeibiwa kuku, nikampigia simu nikiwa bado barabarani. Akaniuliza kwanza kama wameandika Athumani au Othman.

Alirudi mwisho wa Novemba na masanduku mawili na koti ambalo Korogwe halina kazi. Wiki iliyofuata nikamkuta amekaa barazani, daftari langu liko mapajani, anapitisha kidole kwenye mistari. Nikadhani anataka kunirudishia fedha.

"Hiki kitabu," akasema, akiinyanyua pasipoti, "si ulisema kimelipiwa miaka kumi?"

"Ndiyo mama."

"Basi fungua ukurasa mpya. Umra ni shilingi ngapi?"